Kilima cha Lovanium na Mambo Tusiyowasimulia



Mara nyingi mmetusikia, sisi tuliobahatika kusoma chuo kikuu, tukiketi nje ya kanisa baada ya Misa na kukumbushana habari za Kinshasa: kilima cha Mont Amba, mabweni, mlo wa jioni, profesa fulani aliyekuwa hacheki. Mmecheka pamoja nasi. Lakini hivi karibuni kijana mmoja wa Kabambare alituuliza ni nani aliyekijenga chuo kile, na kama kilikuwa cha Kanisa, kwa nini leo si cha Kanisa tena. Tulimjibu vipande vipande, tukarudi kwenye mizaha yetu. Tunamwia jibu lililo bora zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Kasongo neno «chuo» ni la kale kuliko shule za Wabelgiji. Lilikuja na lugha tunayoisema, katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Waislamu waliita chuo mahali ambapo mtoto huketi mbele ya mwalimu akajifunza kuisoma Kurani, na jirani zetu wengi huita hivyo hata sasa. Hatusemi hivyo ili kuusifu utawala wa Tippu Tip, ambao uliwauza babu zetu kama bidhaa. Tunasema tu kwamba askari wa Mfalme Leopold, wakiongozwa na Francis Dhanis, walipouteka mji wa Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwanzoni mwa 1894, hawakuwakuta watu wasiojua kwamba kuna maandishi duniani.

Wakoloni waliofuata walikuwa na hesabu yao kuhusu elimu. Walihitaji karani, mwalimu wa shule ya chini, fundi, msaidizi wa daktari. Zaidi ya hapo waliona hatari: pasipo wasomi, walisema, hapana matatizo. Mlango mmoja tu wa masomo ya juu ulibaki wazi, nao ulikuwa seminari. Upande wetu wa mashariki Mapadri Weupe waliwafundisha vijana Kilatini, falsafa na teolojia, na mwaka 1917, huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa nyakati hizi. Kutoka siku ile ikapita miaka 37 kabla ya mlei Mkongo kuweza kuingia chuo kikuu katika nchi yake mwenyewe.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1954, juu ya kilima cha karibu na Kimwenza, nje ya Léopoldville. Mama yake alikuwa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, huko Ubelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1425, na jina Lovanium ni jina la mji huo kwa Kilatini. Watu wa Louvain hawakuwa wageni nchini, kwa maana tangu mwaka 1926 walikuwa na kazi ya uganga huko Kisantu, wakiwafundisha wauguzi na wasaidizi wa madaktari. Mkuu wa kwanza wa Lovanium alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri ambaye pia alikuwa mtaalamu wa fizikia ya nyuklia. Ndiyo sababu, jambo ambalo vijana wengi hawaliamini, tanuri la nyuklia la kwanza katika Afrika nzima liliwashwa juu ya kilima kile mwaka 1959, katika nchi ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na taa moja ya umeme.

Je, Kanisa lilifanya hivyo kwa upendo mtupu? Tungependa kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba upendo ulikuwapo, na ushindani pia ulikuwapo. Ubelgiji wakati huo uligawanyika vibaya juu ya shule za Kanisa na shule za serikali, na ugomvi huo ulivuka bahari. Serikali nayo ikafungua chuo chake huko Élisabethville mwaka 1956. Waprotestanti wakafungua chao Stanleyville mwaka 1963. Hata hivyo Lovanium iliwapokea Weusi na Weupe katika darasa moja tangu mwanzo, na katika koloni lile hilo halikuwa jambo dogo. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima. Mbegu ilipandwa kwa kuchelewa sana.

Fikirini sasa safari ya kijana wa huku kwetu katika miaka ile. Atavuka Lualaba, kwa kuwa reli iko ng'ambo ya magharibi. Atapanda gari la moshi hadi Kindu, meli hadi Ponthierville, gari la moshi tena hadi Stanleyville, kisha meli ya siku nyingi kuteremka mto mpaka Léopoldville. Akifika huko, watu wanasema Kilingala, na Kiswahili chake kinawachekesha. Na kama shule aliyotoka haikuhesabiwa kuwa sawa na zile za Ubelgiji, alitakiwa kusoma kwanza mwaka wa matayarisho.

Ndipo zilipomngoja desturi. Mwanafunzi mpya aliitwa «bleu», naye aliteswa na wakubwa wake kwa majuma kadhaa: nyimbo, amri za kipuuzi, kudhalilishwa mbele ya wenzake, mpaka apokelewe kuwa mmoja wao. Desturi hiyo ilitoka Ubelgiji pamoja na vitabu. Wazee wengi huisimulia kwa furaha, wakisema ilizaa undugu usioisha. Undugu ulizaliwa kweli. Lakini hatuoni sababu ya kuwarithisha ninyi njia ile ya kuuzaa, na wale walioumizwa nayo huwa hawako katika mazungumzo yetu ya kucheka.

Desturi nyingine tungeirithisha bila kusita, ile ya kubishana na mwalimu kwa heshima. Mwezi wa Januari 1960 mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alisimama mbele ya mkuu wa kitivo cha teolojia, padri Alfred Vanneste, akatetea kwamba teolojia yenye rangi ya Kiafrika inawezekana. Mwalimu alikataa, akisema teolojia ya kweli ni ya watu wote. Hakuna aliyefukuzwa. Mwaka 1967 mwanafunzi yule akawa mkuu wa chuo kizima, na baadaye askofu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sauti zetu hushuka tunapolitaja. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliteremka kilimani kuandamana mjini, wakidai nyongeza ya posho ya masomo na nafasi katika uongozi wa chuo. Hawakuwa na silaha. Askari waliwapiga risasi. Serikali ilikiri vifo vichache. Wanafunzi walihesabu vingi zaidi. Miili ilichukuliwa na jeshi, wazazi hawakukabidhiwa watoto wao. Viongozi wa wanafunzi walihukumiwa vifungo, kisha wakasamehewa mwaka uleule, kana kwamba wao ndio waliokosa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, wenzao waliwafanyia kumbukumbu, wakabeba jeneza la mfano. Majuma machache kabla ya hapo mama yake Mobutu alikuwa amefariki, naye Rais akaona wanaudhihaki msiba wake. Chuo kilifungwa, na wanafunzi wote wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa Agosti Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre. Hapo ndipo Kanisa liliponyang'anywa. Kitivo cha teolojia nacho kiliondolewa katika chuo mwaka 1974, maaskofu wakakilea wenyewe, na kutoka kwake kimekua Chuo Kikuu Katoliki cha Kongo cha leo. Mwaka 1981 vile vitatu vilitenganishwa tena, lakini kilima kilibaki mikononi mwa serikali. Kwa upande wetu wa mashariki, ilibidi kungoja mwaka 1989 ili kizaliwe Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, na mwaka huohuo kile cha Graben huko Butembo.

Hilo ndilo jibu, ndugu yetu wa Kabambare. Kwetu mnajua kwamba matanga hayavunjwi kabla ya maiti kuzikwa, na kwamba mzazi asiyeonyeshwa kaburi huendelea kuulizia hata akizeeka. Kila mwezi wa Novemba, tunapoandika majina ya marehemu wetu kwa ajili ya Misa, tumezoea kuandika jamaa zetu tu. Mwaka huu tutaongeza mstari mmoja kwa ajili ya wale wa tarehe 4 Juni. Majina yao yote hatunayo, tutaandika tarehe.