Tukitoka Mkeshani Twaenda Wapi?

Somo: Marko 6:30–44

Mwaka mpya umeingia. Wengi wetu tuliupokea kanisani katika ibada ya mkesha. Wengine wamealikwa kwenye mafungo ya siku mbili au tatu, mahali palipo kimya, ili wakae na wenzao, walitafakari Neno la Mungu, na kuuanza mwaka kwa moyo uliotulia. Hayo ni mema. Lakini leo nataka tujiulize neno moja: tukiisha kutoka huko, twaenda wapi?

Swali hili si geni. Liliwapata watu wa Kanisa letu la Anglikana karibu miaka mia tatu iliyopita, katika mji wa London.

Katika njia iitwayo Fetter Lane palikuwa na ushirika mdogo, ulioanzishwa mwezi wa Mei 1738. Ndani yake walikuwamo Waanglikana na pia Wamoravian waliotoka Ujerumani. Usiku wa kuingia mwaka 1739 watu kama 60 walikusanyika hapo. Alikuwapo John Wesley, kasisi mwenye umri wa miaka 35, na ndugu yake Charles. Alikuwapo pia George Whitefield, kijana wa miaka 24, ambaye alikuwa bado shemasi. Walikula karamu ya upendo, yaani chakula kidogo kinachogawanywa kwa sala na nyimbo, kisha wakaendelea kuomba. Wesley aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba, yapata saa tisa za usiku, nguvu za Mungu ziliwashukia. Wengi walilia kwa furaha, wengine wakaanguka chini. Walipopata nafuu wakamsifu Mungu kwa sauti moja.

Siku chache baadaye, tarehe 5 Januari, watumishi wachache miongoni mwao walikutana tena huko Islington. Wakafunga, wakaomba, wakashauriana juu ya kazi iliyo mbele yao. Waliachana wakiwa na hakika kwamba Mungu yu karibu kufanya jambo kubwa.

Basi, angalieni walikokwenda. Karibu na mji wa Bristol palikuwa na mahali paitwapo Kingswood, penye wachimba makaa ya mawe. Watu wengi waliwaogopa na kuwadharau. Whitefield alikuwa amekwisha kunyimwa mimbari katika makanisa kadhaa. Tarehe 17 Februari 1739 akaenda akasimama nje, uwanjani, akawahubiria wachimbaji hao. Siku ya kwanza walikuja kama 200. Baadaye wakawa maelfu. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyoona machozi yakichora mistari myeupe katika nyuso zilizokuwa nyeusi kwa vumbi la makaa.

Kisha akamwita Wesley aje kumsaidia. Kwa Wesley jambo hili lilikuwa gumu sana. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kwake kuokoa roho za watu nje ya jengo la kanisa kulikuwa karibu sawa na dhambi. Lakini tarehe 2 Aprili 1739 alikubali kuonekana duni. Akapanda mahali palipoinuka kidogo nje ya mji, akahubiri mbele ya watu aliowakadiria kuwa 3,000. Mwaka huo huo ikaanza pia kazi ya kujenga shule kwa ajili ya watoto wa wachimbaji wa Kingswood. Haya yote yalifuata miezi michache tu baada ya usiku ule wa Fetter Lane.

Lakini habari haikuishia hapo, nasi tusiifiche sehemu ya pili. Mnamo Oktoba 1739 alifika London mhubiri mmoja Mmoravian aliyeitwa Philip Henry Molther. Yeye alifundisha kwamba mtu asiye na imani kamili na anyamaze tu mbele za Mungu. Asiende kwenye Meza ya Bwana, asijitie katika kusoma Maandiko, wala asijishughulishe na matendo mema, asije akayategemea hayo badala ya kumtegemea Kristo. Na atulie, angoje. Wengi katika Fetter Lane waliyapokea mafundisho hayo, maana yalionekana kuwa ya kiroho sana. Zaburi ya 46 yatuambia tutulie na kumjua Mungu. Nani angethubutu kupinga?

Wesley alipinga. Aliona watu waliokuwa na bidii wakipoa. Aliona wanyonge wakizuiwa wasikaribie meza ambayo Bwana mwenyewe amewaandalia. Kwake yeye, sala, Maandiko na Ushirika Mtakatifu ni njia ambazo Mungu huzitumia kumpa neema hata yule ambaye imani yake bado ni haba. Walishindana kwa miezi mingi. Mwishoni, jioni ya tarehe 20 Julai 1740, katika karamu ya upendo pale pale Fetter Lane, Wesley alisoma maneno machache aliyoyaandika, akatoka nje. Watu 18 au 19 wakamfuata.

Waliotoka waliungana na wenzao katika jengo kuukuu lililokuwa kiwanda cha kuyeyushia mizinga, jina lake Foundery. Humo waliomba na kuhubiri. Humo pia, mwaka 1746, walianza kuwagawia maskini dawa, na kuwakopesha fedha kidogo wasio na mtaji.

Tusiwahukumu Wamoravian wote kwa ajili ya Molther. Watu hawa walianza sala ya zamu usiku na mchana huko Herrnhut mwaka 1727, sala iliyodumu zaidi ya miaka 100. Na mwaka 1732 walituma wamishenari wao wa kwanza, wawili, kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Mwaka 1891 walifika hata kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Hao walijua kunyamaza, tena walijua kuondoka na kwenda.

Wachimbaji wa Kingswood nao walijifunza kukesha. Walikuwa wamezoea kupoteza usiku vilabuni. Sasa wakautumia katika sala. Wengine walimshauri Wesley awakataze, lakini yeye hakuona sababu. Mikesha ikafanywa Ijumaa iliyo karibu na mbalamwezi, ili watu waone njia ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo tangu mwanzo mkesha ulipangwa kwa kukumbuka safari ya kurudi.

Sasa turudi kwenye somo letu. Mitume wamechoka. Bwana Yesu mwenyewe awaita wajitenge naye mahali pasipo watu, wapumzike. Kwa hiyo kimya si uvivu. Ni zawadi ya Bwana. Na wewe unayejaza siku zako zote kwa kamati, harambee na mikutano, hata huna nafasi ya kukaa na Bwana wako, lisikie neno hilo. Lakini walipofika, walikuta watu wamewatangulia kwa miguu. Wanafunzi walitaka watu hao waagwe wakajitafutie chakula. Bwana hakukubali. Aliwaambia wao ndio wawape kula. Yule aliyewaita kwenye kimya ndiye aliyewarudisha kwenye njaa ya watu.

Ndugu wapenzi, Januari ni mwezi mgumu katika Kenya yetu. Karo yadaiwa, na mtoto wa jirani huenda amekaa nyumbani kwa kukosa sare. Yuko mfanyakazi ambaye mshahara wake wa Desemba haujalipwa, na mwajiri wake alikuwa mkeshani akiimba. Wako ndugu wawili wa tumbo moja wasiosemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kila mmoja amefunga siku tatu. Mungu ayasikia maombi yetu, naam. Lakini pia aitazama njia tunayoishika tukitoka.

Nenda basi kwenye mafungo, na unyamaze mbele za Mungu. Kabla ya kuondoka huko, mwombe akuonyeshe mtu mmoja, kwa jina lake, ambaye atakutuma kwake. Halafu nenda juma hili hili, kabla moyo haujapoa.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewaita wanafunzi wako wapumzike nawe, utupe kimya chako mwaka huu. Utuepushe na kimya cha kuwakimbia wenzetu. Utuonyeshe yule anayetungoja, nawe utangulie mbele yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.