Farasi wa Mashindano na Mchezo wa Televisheni

Leo twasafiri mpaka Marekani, katika jimbo la California. Wekeni kalamu chini kidogo. Kwanza pokeeni kisa.

Wengi wetu hatukukua karibu na farasi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mbung'o alimwua farasi kabla hajaizoea nchi, na mnyama tumjuaye ni punda. Basi ukiulizwa farasi wa mashindano ni mnyama wa namna gani, labda utajibu kwa yale uliyoyaona katika picha. Usione haya. Hata Wamarekani wengi ni hivyo hivyo. Hawaendi uwanjani, hukaa nyumbani na kutazama. Kwa hiyo mtu atengenezaye mchezo wa televisheni juu ya mbio za farasi ana nguvu kubwa kuliko adhaniavyo.

Farasi na picha wajuana tangu zamani. Mwaka 1878, huko huko California, mpiga picha aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, farasi akapitishwa mbio. Watu walikuwa wakibishana: je, farasi akikimbia, miguu yote minne huacha ardhi kwa mara moja? Picha zilionyesha kwamba huacha. Kazi hiyo ilisaidia kuleta sinema duniani.

Lakini sinema haikumlipa farasi wema. Mwaka 1939, katika sinema ya Jesse James, farasi alitumbukizwa majini kutoka juu ya jabali, akafa. Watu walikasirika sana. Mwaka 1940 chama cha kuwatetea wanyama, American Humane, kikafungua ofisi Hollywood, ili kiangalie jinsi wanyama wanavyotendewa picha zinapopigwa. Kumbukeni chama hicho, maana tutakutana nacho tena.

Sasa twaingia katika kisa chenyewe. Kampuni ya televisheni iitwayo HBO ilitengeneza mchezo ulioitwa Luck, maana yake Bahati. Mwandishi wake, David Milch, hakuwa mgeni wa mbio. Farasi wake Val Royal alishinda mbio kubwa ya Breeders' Cup Mile mwaka 2001. Waigizaji walikuwa watu mashuhuri, kama Dustin Hoffman na Nick Nolte. Picha zilipigwa katika uwanja wa kweli, Santa Anita, karibu na Los Angeles, uliofunguliwa mwaka 1934.

Kabla ya hapo sinema nyingi zilionyesha mbio kwa uzuri tu. Kwa mfano Seabiscuit, ya mwaka 2003, yaeleza habari za farasi mdogo aliyedharauliwa, naye akawashinda wakubwa. Mtu hutoka hapo machozi yakimlengalenga, akiupenda mchezo huo. Milch aliupenda pia, lakini alitaka kuonyesha na upande wa nyuma. Aliwaonyesha wacheza kamari waliofilisika, na wapanda farasi wanaojinyima chakula ili wawe wepesi. Alimwonyesha na mfunzaji anayeficha nguvu za farasi wake. Kwa nini afiche? Kwa sababu watu wakimdhania farasi kuwa dhaifu, ni wachache wamwekeao fedha, na akishinda hao wachache hugawana fedha nyingi.

Tena, katika kipindi cha kwanza kabisa, farasi avunjika mguu mbioni, naye hupigwa sindano ya kumwua. Labda wewe mwenye ng'ombe wauliza: mguu haufungwi ukapona? Mara chache hupona. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 au zaidi, na mifupa ya miguu yake ni myembamba. Hawezi kulala chini majuma mengi kama mgonjwa kitandani. Akiuegemea mguu mzima peke yake, kwato za mguu huo nazo huugua. Ndiyo sababu daktari humwua upesi, asiteseke.

Mambo hayo yalikuwa ya kuigiza. Lakini katika kuyapiga picha, farasi wawili waliumia kweli wakikimbizwa, nao wakauawa. Hata hivyo kazi iliendelea. Mchezo ulianza kuonyeshwa rasmi tarehe 29 Januari 2012. Tarehe 13 Machi mwaka ule ule, saisi, yaani mtunza farasi, alikuwa akimrudisha farasi jike bandani kwa miguu. Hakuna mbio, hakuna kamera. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, akaanguka chali, akajigonga kichwa. Naye akauawa. Wasimamizi wa American Humane walitaka kazi yote ya farasi isimame. Kesho yake HBO ikaufuta mchezo. Kwa jumla vilionyeshwa vipindi tisa tu.

Watetezi wa wanyama, PETA, walidai kwamba farasi waliotumiwa walikuwa wazee na hawakufaa kwa kazi ile. Kampuni ilijibu kwamba ilishika kanuni kali za usalama. Na watu wa mbio, waliotumaini mchezo huu ungewaletea watazamaji wapya, walipata habari mbaya katika magazeti. Mimi naona shida yao ilikuwa hii: vifo vitatu vilitosha kuufunga mchezo wa kuigiza, lakini katika uwanja ule ule mbio za kweli, ambazo nazo huua farasi, ziliendelea. Mtu akiisha kuuliza kwa nini yule wa televisheni alikufa, hakawii kuuliza juu ya wale wengine.

Na waliuliza. Katika msimu wa Santa Anita ulioanza Desemba 2018 ukaisha Juni 2019, farasi 30 walikufa. Mbio zilisimamishwa kwa muda mwezi wa Machi, na kanuni za dawa na za mjeledi zikakazwa. Desemba 2020 sheria ya taifa ikapitishwa, na kanuni zake za usalama zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Katika msimu ule watu wenye mabango walisimama langoni, na kila farasi aliyekufa alitangazwa, hata yule aliyevunjika alfajiri katika mazoezi, ambaye zamani asingalijulikana na watu wengi zaidi ya saisi wake.

Sasa shikeni kalamu zenu. Neno la kwanza la kuandika ni hilo: saisi.