Kufuli la flashi limehamia wapi?

Wadau, mnaikumbuka kaseti? Mgongoni ilikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, hakuna wa kurekodi tena juu ya wimbo wako. Ukibadili mawazo unaziba tundu kwa selotepu, redio inadanganyika. Philips walitoa kaseti hiyo 1963, na ufunguo wake ulikuwa ukucha wako.

Disketi nazo zikafuata. Ile pana ya inchi 5.25 ilikuwa na pengo ubavuni, ukiliziba haiandikiki. Ile ngumu ya inchi 3.5 ilikuwa kinyume: tundu likiwa wazi, umefunga. (Wangekubaliana basi!)

Flashi zilipoingia sokoni 2000, IBM wakiuza ya megabaiti 8 tu, baadhi zilikuja kuwa na swichi ndogo ya kuzuia kuandika. Bei iliposhuka, swichi ikawa adimu. Hapo ndipo nawalaumu watengenezaji, maana iliondoka tukiihitaji kweli. Windows za miaka ile zilitii faili la autorun lililomo kwenye flashi, kwa hiyo virusi vilijinakili humo na kusafiri mfukoni kutoka kafe hadi ofisini. Novemba 2008 jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake baada ya kuvamiwa na Agent.btz. Microsoft walizima mtindo huo kwenye XP na Vista mwaka 2011. Swichi ya plastiki ingeizuia kompyuta yenye virusi isiandike chochote kwenye flashi yako.

Kufuli lenyewe halikufa. XP ya Service Pack 2, mwaka 2004, ilileta mpangilio wa kuifanya kompyuta igome kuandika kwenye flashi yoyote. Wakubwa wa ofisi waliupenda: mfanyakazi hatoki na mafaili. Kufuli jingine limo ndani ya flashi. Memori yake huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na chipu inayoiongoza ikikuta makosa mengi inaweza kujifunga, ikaruhusu kusoma tu.

Wengi wakigomewa hukimbilia kufomati. Mimi hubeba mahojiano humo, kwa hiyo kwanza nanakili kila kitu. Kisha najaribu kompyuta ya pili. Ikikubali kuandika, kufuli ni la ile ya kwanza, na fundi wa ofisi analijua. Ikigoma kila mahali na haina swichi, flashi imezeeka, nanunua nyingine.