Breki Zinazolia: Korogwe, Handeni na Bei ya Ukimya

Gari likitokea Handeni likaingia Korogwe huku breki zinalia, hukumu hutolewa papo hapo: fundi kakosea, au mwenye gari kauziwa pedi feki. Likiwa gari la spoti, Subaru au Altezza iliyofungwa pedi za mashindano kwa pesa nyingi, watu hucheka zaidi, maana kitu cha ghali kilitarajiwa kuwa na adabu. Hukumu hiyo ina haraka mno. Ukiifuatilia njia hii tangu reli ilipofika Korogwe hadi lami ilipofika Handeni, unaona kwamba breki zimekuwa zikidaiwa mambo matatu kwa pamoja: zishike hata zikipata moto, zistahimili vumbi, na zikae kimya. Mawili ya kwanza yalitafutwa kwa uhandisi, yakapatikana kwa kiasi kikubwa. La tatu lilipatikana kwa kipindi fulani tu, na aliyelilipia si mwenye gari. Alikuwa fundi, kwa mapafu yake. Kelele inayosikika leo ni gharama hiyo iliyorudi kwa anayestahili kuibeba.

Njia yenyewe kwanza. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, kisha ikapanda polepole kuelekea Mombo na hatimaye Moshi. Handeni, katika nchi ya Wazigua kusini mwa Mto Pangani, ilibaki mbali na reli. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoitoa pembeni: Wajerumani walitandaza reli nyepesi ya matoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili mizigo isogee kuelekea Reli ya Kati, na mwezi Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliichukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni, yakashika njia ya kusini kuelekea Turiani na Morogoro. Mkondo huohuo ulikuja kuwa barabara ya magari kati ya kaskazini na katikati ya nchi, kabla ya njia ya Segera na Chalinze kuupokonya kazi. Kiangazi barabara hiyo ilikuwa vumbi jekundu, masika ikawa tope. Vumbi hilo si unga tu. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha dramu ya breki. Dereva aliyetoka Handeni akaendelea mpaka Vugiri, Bungu au Lushoto alikutana na adui wa pili, yaani joto la mteremko. Ni vigumu kuipata breki inayowapenda wote wawili.

Tatizo hilo lilikuwa limeshajitokeza Uingereza, katika mwaka uleule wa 1902 ambao treni ilifika Korogwe. Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya diski, wazo lilelile lililomo leo ndani ya rimu ya karibu kila gari dogo. Pedi zake zilikuwa za shaba. Barabara za Ulaya wakati huo zilikuwa za vumbi kama zetu, na vumbi liliingia katikati ya shaba na diski likaitafuna pedi upesi. Baya zaidi lilikuwa mlio: shaba ikisuguana na diski hadharani, bila kifuniko, ilipiga ukelele wa kuumiza masikio. Dawa ilitoka kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo. Yeye alianza na kitambaa cha pamba kilichofumwa na kulowekwa gundi, na kufikia 1908 alikuwa amehamia kwenye nyuzi za asibestosi. Asibestosi haiungui, ni laini kiasi cha kutoifanya diski wala dramu iimbe, na ilikuwa rahisi kwa bei. Kwa muda wa miaka sabini hivi iliyofuata, breki za dunia nzima, zikiwemo za malori ya mkonge yaliyopita Hale, Magunga na Ngombezi, zilikuwa na asibestosi ndani yake. Hazikuwa kimya kabisa, lakini zilikuwa kimya vya kutosha kiasi kwamba watu wakazoea kuamini kuwa ukimya ni tabia ya asili ya breki nzuri.

Historia ya magari ya mbio inaivunja imani hiyo. Mashindano ya Coronation Safari yalianza tarehe 27 Mei 1953 na kumalizika Juni mosi, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wiki mbili hazikupita, Jaguar C-type yenye breki za diski za Dunlop ikashinda saa 24 za Le Mans, na Ulaya ikaona kama suala la breki limefungwa: diski zimeshinda, dramu ni za kale. Afrika Mashariki haikukubali upesi hivyo. Mwaka 1964 Safari ilichukuliwa na Ford Cortina GT ya Peter Hughes, yenye diski mbele. Mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari lenye dramu magurudumu yote manne. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404, nayo ya dramu. Mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Katika tope na mchanga wa namna hiyo, dramu ilikuwa na faida ambayo Le Mans haikuwa na haja nayo: imefunikwa. Diski iko wazi, hupoa haraka, ila kila kokoto na kila chembe inaifikia. Datsun 240Z, gari la spoti hasa, liliposhinda 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, lilikuwa na diski mbele na dramu nyuma. Huo ulikuwa upatanisho, na sidhani kuna aliyeuliza kama ulikuwa na kelele.

Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba magari ya Safari yalikuwa machache, yakipita mara moja kwa mwaka, na kwamba haiwezekani historia ya breki za Korogwe ikaandikwa kwa kuwatazama wageni wa siku moja. Pingamizi hilo lina nguvu, na ni kweli kwamba waliobeba mzigo wa kila siku walikuwa madereva wa malori na mabasi. Lakini magari ya mashindano yana tarehe na matokeo yaliyoandikwa, ilhali lori la mkonge halikuandikwa popote. Na kanuni za joto haziulizi gari ni la nani. Chukua gari la kilo 1,200 likishuka kutoka Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hadi Mombo iliyo mita 400 na ushei. Ndani ya kilomita zipatazo 33 za kona, kama dereva hatumii gia kulizuia, breki zinameza nishati ya kutosha kuchemsha maji baridi ya ndoo moja na nusu ya lita ishirini. Lori la tani kumi linahitaji ndoo zaidi ya kumi na mbili. Joto hilo likizidi, gundi iliyomo ndani ya lainingi, yaani gamba la msuguano la breki, hutoa gesi, na breki inateleza kana kwamba imepakwa sabuni. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu, na bonde la Pangani lina unyevu wa kutosha, kiwango chake kinashuka hadi nyuzi 140 hivi. Hapo pedeli inazama hadi chini. Ndiyo maana madereva wa zamani walishuka na gia nzito wakaigusa breki kwa vipindi, na aliyeliachia gari fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta alihesabiwa kuwa mtu wa hatari.

Kazi ya gereji katika miaka ile ilistahili kuandikwa zaidi kuliko ilivyoandikwa. Shu ya breki ya lori haikutupwa ilipoisha. Fundi alitoboa ribiti za zamani, akang'oa lainingi iliyokwisha, akasafisha chuma, akalaza lainingi mpya na kuigonga ribiti moja baada ya nyingine, akianzia katikati kwenda pembeni ili isibaki na tumbo. Kichwa cha ribiti kilipaswa kuzama ndani ya tundu lake. Kikichomoza, kinachora dramu mstari mzima na kutoa mlio wa juu ambao msasa hauwezi kuutibu. Dramu lazima ipelekwe kuchongwa. Uhaba wa vipuri wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliongeza ubunifu huu, hata wakati nchi ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Scania pale Kibaha. Na kabla ya yote hayo, dramu ilipofunguliwa, lilikuwepo vumbi la kijivu lililojaa ndani. Lilipulizwa kwa upepo wa kompresa, au kwa mdomo. Asibestosi iliyonyamazisha gari barabarani ilikuwa ikitoka pale kama nyuzi zisizoonekana, na magonjwa yake, saratani ya utando wa mapafu ikiwemo, huchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza. Utingo aliyeshika tochi pembeni naye alivuta hewa hiyohiyo. Uingereza, nchi ilikozaliwa dawa hii, iliipiga marufuku asibestosi yote mwaka 1999.

Kilichochukua nafasi yake kilikuwa mchanganyiko wa nyuzi za chuma, shaba, grafiti na gundi mpya, na katika pedi za mashindano sehemu ya chuma ni kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, tulirudi jirani na Lanchester. Pedi ngumu hushika diski, huachia, hushika tena, mara elfu moja hadi zaidi ya elfu kumi kwa sekunde, na diski inatetemeka ikilia. Pedi ya mbio imetengenezwa ifanye kazi ikiwa moto. Ikiwa baridi hushika vibaya na hulia vizuri. Hapo ndipo kichekesho cha leo kilipo. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita zipatazo 65, ilipata lami miaka ya 2010, na kwenye barabara kuu vibao vya 50 na trafiki wa tochi vinamfanya kila mtu aingie vijijini polepole. Gari la spoti lenye pedi za mashindano linatembea hapo bila kuzipasha moto hata mara moja, kisha mwenyewe analalamika kwamba zinalia mbele ya watu.

Wapo watakaosema kwamba kuitetea kelele ni hatari, kwa kuwa breki inayolia mara nyingi imekwisha. Ni kweli, na pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kikwaruze diski pedi inapofikia ukomo wake. Kwa hiyo swali la kwanza ni unene wa pedi. Mlio uje baadaye. Pedi ikiwa bado nene, tiba zilizozoeleka gereji zina mantiki yake, ingawa si zote kwa kipimo kimoja. Kupiga msasa huondoa ule uso uliong'aa kwa joto, na kuchonga kingo za pedi kwa mshazari huifanya isiingie kwenye diski kwa kona kali. Nafuu ya msasa peke yake huwa fupi, kwa sababu kilichoifanya pedi ing'ae bado kipo. Grisi ya joto kali inafaa mgongoni mwa pedi, juu ya bamba lake, na kwenye pini za kalipa, ambazo vumbi la Handeni huzikausha mpaka pedi ikabaki imeegemea upande mmoja. Grisi ikigusa uso wa pedi, kazi imeharibika. Pedi mpya ya mashindano inatakiwa kuzoezwa diski yake kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha kuachwa ipoe, jambo ambalo wengi huliruka. Baada ya hayo yote, kama mwenye gari hashuki Lushoto kwa kasi wala hashindani, pedi ya kawaida itamtumikia vizuri zaidi na kwa mlio mdogo, na fundi anayemwambia hivyo anapoteza mauzo lakini anasema kweli. Kwa lori kuukuu lililofungwa lainingi ambazo asili yake haijulikani, dramu ikifunguliwa isafishwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kompresa ikae mbali.