Mradi wa Bucharest wa Afua za Mapema

Mradi wa Bucharest ni utafiti wa Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, ulioanza Romania mwaka 2000 kwa watoto 136 waliotelekezwa katika vituo vya malezi, ambako walezi walibadilishana zamu na mtoto hakuwa na mtu wake wa kumkimbilia akilia. Waliohamishiwa kwa familia za malezi, hasa kabla ya kufikia umri wa miaka miwili, walijenga uhusiano salama zaidi na walezi wao kuliko waliobaki vituoni. Huenda ikadaiwa kwamba walioteuliwa kuhamishwa walikuwa na afya bora tangu awali. Lakini watoto waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya familia na vituo, hivyo tofauti hiyo imeletwa na malezi. Hata hivyo si athari zote za vituo zilizoondoka: dalili za kutotulia na kukosa umakini hazikupungua.