Miraba 1,024 ya Susan Kare
Susan Kare alikuwa akichomelea sanamu ya nguruwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la Arkansas, Marekani, alipopigiwa simu na Andy Hertzfeld, rafiki yake tangu shuleni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Apple, alikofanya kazi Hertzfeld, ilikuwa ikiunda kompyuta ya Macintosh na ilihitaji mtu wa kuichorea alama.

Kare alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa, lakini hakuwahi kubuni chochote kwa kompyuta. Akanunua daftari la karatasi zenye miraba. Kila alama ilipewa miraba 32 kwa 32, nyeusi au nyeupe tu, basi. Humo akatoa pipa la taka, bomu la kutangaza hitilafu na kompyuta ndogo yenye tabasamu. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kazi hiyo haikuwa ngeni kwake, kwa kuwa alizijua nakshi za vigae na mapambo ya kudarizi; msukaji wa mikeka angemwelewa mara moja.

Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, alipolalamika kwamba nembo ya tufaha imejaa kupita kiasi kwenye menyu, Kare alipekua kamusi ya alama kutafuta mbadala, akakuta ⌘, ishara inayotumika Sweden kuonyesha maeneo ya kuvutia. Iko kwenye kibodi za Apple hadi leo.

Macintosh ilizinduliwa Januari 1984. Michoro ya Kare sasa imehifadhiwa Museum of Modern Art, New York, na kila mbunifu kijana anayekimbilia programu kabla ya karatasi anapaswa kuitazama.