CD Haikuua Benga, Kapasita Ndiyo Ilikauka

Kuna maneno ambayo kila mtoto wa Kisumu ameyasikia kwa wazee: CD iliua benga. Ati kwenye santuri besi ilikuwa inatembea, unaisikia kifuani. Kwenye CD limebaki gitaa la solo tu, linalia kama nzi ndani ya chupa. Mimi pia niliyaamini, na hata hapa nimeshayaandika. Leo nayafuta, kwa sababu nimefungua mashine, na mle ndani nimekuta historia tofauti kabisa.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, nyuzi 8. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, inaitwa oduong', na kuigonga kwenye mti wa chombo huku vidole vyake vikikimbia juu ya nyuzi. Mtu mmoja, sauti mbili: ya juu inakimbia, ya chini inashikilia. Vijana wa huku waliposhika magitaa, wakaupeleka upigaji huo kwenye solo na besi, benga ikazaliwa. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, akaivuma na bendi yake ya Shirati Jazz mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Kwenye muziki huu besi si pambo. Besi inajibizana na solo. Ukiitoa, umebaki na nusu ya mazungumzo.

Nyimbo hizo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, ndiyo maana benga nyingi za zamani zina sehemu ya 1 na ya 2. Upande wa kwanza unasikia hadithi, ukigeuza unakuta magitaa yamechemka. Mtayarishaji Oluoch Kanindo alizisambaza mbali sana, hadi Zimbabwe wakauita muziki wenyewe kwa jina lake: kanindo.

Halafu ikaja kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na kwa mtu wa kijijini asiye na stima ilikuwa baraka: redio, betri, basi. Lakini kaseti ilileta pia kopi ya kopi ya kopi. Kila unaporekodi upya, makelele yanaongezeka na sauti inafifia, na msanii halipwi hata senti. Kwa hiyo kama tunatafuta aliyeumiza benga, mshukiwa wa kwanza alikuwa amefika kabla ya CD kuonekana Kisumu.

CD yenyewe ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na mashine ya Sony iitwayo CDP-101. Inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, na inabeba kuanzia herzi 20 hadi 20,000. Sasa sikiliza hii: uzi mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi unatoa takriban herzi 41. CD inaufikia bila jasho. Kumbe santuri ndiyo yenye shida, maana besi kali hupanua mfereji wa sindano, kwa hiyo hupunguzwa wakati wa kukata santuri, kisha amplifaya huirudisha. Kwa hesabu hiyo, wazee walipaswa kusikia besi zaidi kwenye CD. Mbona hawakusikia?

Jibu liko kwenye mashine iliyotufikia sisi. Nyumba nyingi za huku hazikujua CD kupitia Sony ya bei ghali. Ziliijua miaka ya 2000 kupitia deki za VCD na DVD za bei rahisi, ambazo zilicheza kila kitu. Nilinunua moja ya mtumba, nikaiwasha, besi hakuna. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na Kibuye, mzee ambaye siku hizi anashinda akibadilisha vioo vya simu. Hakuuliza maswali mengi. Alifungua, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi kapasita mbili ndogo kando ya matundu ya kutolea sauti, akasema, "Hizi zimekauka."

Niliporudi nyumbani nikafanya hesabu. Kapasita hiyo kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia umeme usiobadilika. Ikiwa na maikrofaradi 1, na amplifaya yako ina ukinzani wa kilo-omu 10, inaanza kukata sauti kwenye herzi 16 hivi, ambapo hakuna la kupoteza. Lakini ndani yake kuna majimaji, na joto huyakausha. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa weka deki hiyo ndani ya kabati, chini ya bati, na jua letu la mchana. Kapasita ikibaki na maikrofaradi 0.2, mkato unapanda hadi herzi 80. Uzi wa herzi 41 umeshazama. Benga haikufa, imefungiwa nje ya mlango.

Nikaweka mbili mpya za maikrofaradi 10, na nyingine kubwa zaidi kwenye upande wa umeme. Besi ikarudi hapo hapo, hata jirani akajua.

Nikapata kiburi. Nilikuwa nimesoma kwamba lazima utoe chipu ya sauti ya 4558 uweke 5532, miguu ni 8 na mpangilio ni uleule. Nikaibadilisha. Nikamwambia binamu yangu anichezee wimbo mmoja kwenye deki mbili zinazofanana, mimi nikiwa nimegeuka, nikisie ipi ina chipu mpya. Mara 10, nikapata 5. Ningerusha shilingi juu ningepata hivyo hivyo! Kisha nikang'oa transista ndogo zinazonyamazisha sauti mashine inapowaka, kwa sababu niliambiwa zinachafua muziki. Nilipowasha, spika zilipiga kishindo nikadhani zimepasuka. Mzee alinicheka sana: "Omera, mbona umemfukuza askari wa lango?"

Kwa hiyo huu ndio msimamo wangu. Kile tunachokiita kuboresha sauti, mara nyingi kwetu ni kuirudisha. Mashine ilitengenezwa kwa bei ya chini, ikafika kwenye joto, stima inapotea na kurudi, na kuna mtu amekaa kwenye kibanda akiirekebisha ili iweze kuishi hapa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisaidia kuieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Sisi tunaiita jua kali. Ripoti ziliwaona mafundi kama ajira. Hakuna aliyewaandika kama sehemu ya muziki.

Mwaka 2008 Ketebul Music walitoa mradi mzuri sana wa historia ya benga, kitabu na diski. Majina ya wapiga magitaa yamehifadhiwa, na wanastahili. Lakini diski hizo nazo zinahitaji mashine, na mashine inahitaji mtu anayejua ni kapasita gani hukauka kwanza. Ujuzi huo uko kichwani mwa wazee wanaobadilisha vioo vya simu.

Na si benga tu. Fungua kabati la nyumba yoyote huku kwetu, utakuta diski ya matanga: sauti za waliohutubia, nyimbo za akina mama, wakati mwingine sauti ya mtu ambaye naye sasa hayupo. Nyingi zilichomwa kwenye kompyuta za mtaani, na diski za aina hiyo huharibika zikikaa kwenye joto na mwanga. Deki ikifa leo, kesho diski nayo inatupwa, watu wakidhani ni tupu.

Basi usiitupe deki ya dani wako. Usiifungue pia kama hujui: deki nyingi za aina hii zina kapasita inayoshika volti karibu 340, na inaweza kukurusha hata ukiwa umechomoa waya. Mwanga wake wa leza nao unaweza kuumiza macho. Ipeleke kwa fundi mzee. Kaa naye, mnunulie chai, uliza kila anachogusa, andika. Ikishapona, hamisha zile diski za familia kabla ya kitu kingine chochote. Mimi jumapili hii narudi Kibuye na daftari.